Namba ya Kwanza Kitabuni

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Leo namba za zamani zimekufa. Daktari Nyakundi, mkubwa wetu hapa hospitali ya misheni, ametuita ofisini saa mbili asubuhi akatangaza. Kila ugonjwa duniani una namba yake, na sisi watu wa rekodi kazi yetu ni kuandika namba hiyo kwa kila mgonjwa. Nimeiandika miaka ishirini na nne. Malaria ni B54, hata ukiniamsha usingizini. Sasa wakubwa wa dunia wamekaa mahali wakaona afadhali wabadilishe zote. Kitabu kipya, kanuni mpya, na kompyuta haitaki tena kusikia habari za B54.

Jambo la pili. Mzee Omariba, mkuu wa rekodi, anastaafu baada ya wiki mbili. Tumebaki wawili, mimi na Janeffer. Atakayekosea kidogo zaidi katika wiki hizi mbili ndiye mkuu. Mwingine anahamia dispensari yetu ya Fort Ternan, ambako hakuna karani tangu Pasaka.

Nimemweleza mke wangu Akello. Amesema yeye Fort Ternan haendi. Ana kuku kumi na wanne, ana kwaya, ana sukuma zake nyuma ya nyumba, na kule chini kuna joto. Nikitaka kwenda niende na kompyuta.

Hata hivyo nina mengi ya kushukuru. Janeffer ana miaka ishirini na saba tu, mtoto wa juzi. Mimi nilizaliwa katika nyumba za kampuni ya chai, baba akiwa mchuma majani kutoka ziwani, na nimekula chumvi nyingi. Isitoshe nina cheti cha mafunzo ya namba mpya. Tulifundishwa siku tatu Kericho mjini. Mandazi yalikuwa mazuri sana. Mwalimu simkumbuki.

Jumanne, 2 Desemba

Janeffer ana daftari la jalada la kijani. Kumbe wakati sisi wengine tunapanga foleni ya chai kule mafunzoni, yeye alikuwa anaandika. Kila kanuni iko mle, kwa mwandiko mzuri kama wa mwaliko wa harusi.

Akaniambia, Mzee Owiti, tukae pamoja saa ya chakula nikuonyeshe, si ngumu. Nikakataa kwa heshima. Mtu anayekupa siri zake bure ana jambo. Nilisubiri aende kunawa mikono, nikapiga picha kurasa zote kwa simu. Kurasa arubaini na mbili. 

Nimezifungua nyumbani baada ya chakula. Picha arubaini na mbili za kidole gumba changu. Katika picha moja tu kidole kimesogea, na hapo panaonekana neno "Kumbuka".

Nashukuru kwa simu yenye kamera. Baba yangu hakuwa nayo.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimegundua njia. Kitabu cha zamani kilikuwa cha kumi, hiki ni cha kumi na moja. Basi niliweka 11 mbele ya kila namba ya zamani. 11B54. Inapendeza kuitazama. Kompyuta imekataa zote thelathini na nne. Nilijaribu kuweka 11 nyuma. Imekataa pia, na ikawa kama imekasirika.

Janeffer ameingiza wagonjwa arubaini, wote sawa. Halafu akanikumbusha bila majivuno kwamba Jumamosi ni koito yake. Wazee wa Kipkorir, kijana wake, wanakuja kutoka Chebunyo kukubaliana na wazee wake na kufunga uchumba. Ofisi nzima imealikwa. Akasema mama yake ameniulizia kwa jina, maana mwaka juzi nilimtafutia faili iliyopotea. Niliguswa. Nikakumbuka zile picha za kidole na nikatazama pembeni.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimeamua kuchapisha kitabu chote kipya. Printa imetoa ukurasa mmoja ikaishiwa wino. Upande wa kushoto namba zimetoka vizuri. Upande wa kulia, penye majina ya magonjwa, kweupe. Kichwa cha ukurasa kinasomeka: maambukizi ya tumbo.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nimeimba kwaya miaka thelathini. Fungua kitabu chochote cha nyimbo. Wimbo namba moja ni upi? Ni ule kila mtu anaujua. Ile migumu wameificha katikati. Basi kitabu cha magonjwa ni hivyo hivyo. Namba ya kwanza chini ya tumbo lazima iwe tumbo la kawaida, la kila siku, la watu wote. 1A00. Fupi, rahisi kukumbuka.

Nimeikariri njia nzima hadi nyumbani. Namshukuru Mungu kwa wino uliobaki.

Jumamosi, 6 Desemba

Koito. Nyumbani kwa kina Janeffer ni mwendo wa nusu saa kupita katikati ya chai, upande wa chini wa Kapsoit. Wazee wa Chebunyo walifika saa nne wakiongozwa na Mzee Chepyegon, baba mdogo wa Kipkorir, mzee wa kanisa mwenye kofia na sauti nzito. Wakaingia ndani na wazee wenzao, mlango ukafungwa, sisi tukabaki nje tukisubiri. Ng'ombe walizungumzwa mpaka alasiri. Walipotoka wakicheka tukajua mambo yamekaa vizuri, ila bado watarudi Ijumaa, Sikukuu ya Jamhuri, kumalizia.

Mursik, yale maziwa yao ya kuganda, ilikuwa ya kibuyu hasa, yenye mkaa wake. Nilipewa vikombe viwili. Nyama ilikuwa imepikwa jana yake kwa sababu ya wingi wa wageni. Nilirudia mara tatu. Mama Janeffer alinishika mikono yote miwili mbele za watu akanishukuru kwa ile faili. Janeffer mwenyewe alipendeza, na uso wake ulikuwa umetulia jinsi ambavyo sijawahi kuuona ofisini.

Nikirudi nyumbani nilifikiri, huyu binti akishinda ukuu si vibaya sana. Baadaye nikakumbuka Fort Ternan.

Jumapili, 7 Desemba

Tumbo. Sitaeleza.

Nilikuwa zamu, nikaenda hivyo hivyo. Nikakuta wageni wa koito kumi na mmoja wamejaa kwenye benchi, wameshika matumbo. Daktari Nyakundi ametuona wote, mimi nikiwa wa mwisho. Ametupa dawa na maji ya chumvi na sukari, akasema ni chakula tu, kesho tutakuwa sawa. Akaandika tumbo kuhara kwenye kila kadi na kuniachia namba.

Siku yangu ilikuwa imefika. 1A00. Kompyuta ikakubali mara ya kwanza. Iliniuliza kwa maandishi mekundu kama nina hakika. Mtu wa miaka ishirini na nne kazini anaulizwa hivyo? Nikabonyeza ndiyo. Mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nilijiingiza mwenyewe, Owiti Opondo, 1A00, maana sitaki isemwe kwamba nilijipendelea.

Kompyuta ikaandika kwamba taarifa imepelekwa kaunti papo hapo. Papo hapo! Chema chajiuza. Daftari la kijani sasa nalionea huruma.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimeamka mzima, tumbo limetulia. Saa tatu asubuhi magari mawili ya kaunti yaliingia getini. Nilijua wamekuja kuona hospitali ya kwanza kutumia namba mpya bila kosa. Kwa bahati nilikuwa nimevaa tai. Nilitoka mbele nikawakaribisha kwa maneno machache, kama dakika sita hivi.

Kiongozi wao anaitwa Madam Elmina, afisa wa kufuatilia milipuko ya magonjwa. Alivaa gambuti. Aliningoja nimalize, kisha akauliza wagonjwa wa kipindupindu tumewalaza wapi. Nikamwambia hapa kwetu hakuna kipindupindu, tunamshukuru Mungu, hali ya hewa ni nzuri. Akanionyesha karatasi. Watu kumi na wawili, wote 1A00. Nilisoma majina mpaka chini. Jina la kumi na mbili lilikuwa langu.

Akaniuliza kama namfahamu huyu Owiti Opondo. Nikasema kidogo.

Nilipulizwa dawa viatu, suruali, na tai. Nikakaa chumba cha peke yangu na ndoo hadi jioni. Daktari Nyakundi alifika dirishani, akahakikisha mlango umefungwa, akaondoka. Wamechukua vipimo. Majibu ni Jumatano, na mpaka hapo nisitoke nyumbani. Nilijaribu kuomba waifute namba ile. Kompyuta haikubali, ikishatumwa imetumwa.

Nashukuru kwamba ndoo ilikuwa mpya.

Jumanne, 9 Desemba

Akello ameleta habari kutoka kwaya, na hakuna hata moja nzuri. Boma la kina Janeffer limezungushiwa utepe wa manjano. Kituo cha majani kilicho karibu nao kimefungwa, watu wanarudi na chai yao migongoni. Na wazee wa Chebunyo wamepeleka ujumbe kwamba Ijumaa hawaji. Hawawezi kuunganisha ukoo na nyumba yenye kipindupindu.

Tena watu wanasema nimefanya makusudi. Kwamba nimemwonea Janeffer wivu kwa ajili ya ule ukuu, nikala nyama yao, nikaenda kuwaandikia ugonjwa wa aibu. Nilimwambia Akello hiyo si kweli hata kidogo. Akasema anajua si kweli, Baba Maxine, kwa maana fitina kama hiyo inahitaji mtu aliyesoma kitabu.

Sikuweza kukaa. Nilijua nimekatazwa, lakini nilimchukua kuku mmoja wa Akello, yule mweupe, nikakata njia katikati ya chai nikaombe msamaha. Nilitembea nimeinama, na kuku kwapani. Vijana wa Madam Elmina walinikamata mita kumi kabla ya utepe. Wakanipuliza dawa tena. Wakampuliza na kuku.

Janeffer alikuwa amesimama ng'ambo ya utepe. Nilitarajia anitukane. Aliniambia tu kwa sauti ndogo kwamba mama yake hajala tangu jana, analia, anauliza ni nini alichokosea kwenye maandalizi. Mama yule aliyenishika mikono. Nilisikia aibu mpaka kwenye masikio. Nilitaka kusema, ni mimi, sikujua namba. Nikasema hali ya hewa inaelekea kuwa ya mvua.

Nimerudi nyumbani. Kuku ananuka klorini na Akello haongei nami.

Jumatano, 10 Desemba

Majibu yametoka asubuhi. Hakuna kipindupindu, hata kwa mtu mmoja. Ni nyama iliyofunikwa ikiwa moto usiku kucha. Utepe umetolewa. Lakini Mzee Chepyegon alisema majibu ya maabara hayatoshi. Ametoka Chebunyo akaja mwenyewe hospitalini, akataka kuambiwa mbele ya wote kama ni kweli aliyeandika ugonjwa huo ndiye anayeshindania kazi na msichana wao. Kama kuna uadui wa namna hiyo, na wao wauogope.

Tukaketi ofisini kwa Daktari Nyakundi. Mzee Chepyegon, Madam Elmina, Janeffer, mimi.

Nilikuwa nimejiandaa usiku kusema ni printa. Printa kweli ina lawama yake. Lakini nikisema sikujua namba, basi ukuu umekwenda na Fort Ternan imefika. Nikinyamaza, nimekuwa mchawi wa koito ya mtoto wa watu. Nilifungua mdomo, nikakohoa.

Janeffer ndiye aliyesimama. Akaiomba ile karatasi ya kaunti, akamwonyesha Mzee Chepyegon jina la kumi na mbili. Akasema, Mzee, mtu anayetaka kuharibia wengine hajipi kipindupindu mwenyewe. Huyu aliandika hivyo kwa sababu aliamini ni tumbo la kawaida. Kisha akasema kwamba nami nilikuwa mgonjwa siku ile, na sikukosa zamu.

 Mzee Chepyegon akanigeukia, akaniuliza ni nini basi kilichonifanya niandike namba ile. Hapo sikuweza kupanga kitu kingine. Nikawaeleza yote. Picha za kidole. 11 mbele na 11 nyuma. Wino. Na wimbo namba moja, ule kila mtu anaujua.

Aliyecheka kwanza ni Mzee Chepyegon. Alicheka akavua kofia. Akasema yeye ni mzee wa kanisa miaka ishirini na katika kitabu chao hata yeye huanza na namba moja akiwa hana hakika. Akasema nyama huharibika katika nyumba yoyote, hata kwake, na Ijumaa watakuja. Madam Elmina aliinama akitafuta kalamu isiyokuwa imeanguka. Janeffer alifuta machozi, na sidhani yote yalikuwa ya kucheka.

Daktari Nyakundi pekee hakucheka. Alisema makosa kumi na mawili, na thelathini na nne ya Alhamisi, hivyo hakuna haja ya kungoja wiki mbili ziishe, Janeffer ndiye mkuu wa rekodi. Na mimi nijiandae kwa Fort Ternan.

Nimemwambia Akello. Amekwenda nje akasimama kati ya sukuma zake. Nilimwona dirishani akiwahesabu kuku. Nilikaa sana bila kuwasha taa.

Ijumaa, 12 Desemba. Sikukuu ya Jamhuri

Niliomba nisiende kumalizia koito. Mama Janeffer akatuma mtu akaniambia kwamba nisipofika hawataanza. Nikaenda na Akello. Akello alibeba yule kuku mweupe, ambaye harufu imempungua.

Mama Janeffer alinishika mikono tena, yote miwili, vile vile. Nikamwambia, mama, halikuwa kosa lako, ni langu. Akasema anajua, na kwamba nyama leo imepikwa asubuhi. Wazee walikubaliana kabla ya saa sita. Wakaitwa Janeffer na Kipkorir, wakavishwa majani ya sinendet, ishara ya baraka. Watu wakaimba. Mzee Chepyegon alitangaza mbele ya wote kwamba sasa tuimbe namba moja, na akanielekeza mimi nianze.

Jioni Janeffer aliniita pembeni. Ameongea na Daktari Nyakundi. Alimwambia kwamba akiwa mkuu atahitaji mtu anayejua kila faili ilipo, na hakuna mwingine anayejua. Daktari amekubali nibaki hapa kama msaidizi wa Janeffer. Fort Ternan watatafutiwa mtu mwingine. Halafu akatoa daftari jipya la jalada la kijani, kama lile lake, akanipa. Amelinakili lile lake upya kwa ajili yangu, herufi kubwa, kwa sababu ya macho yangu. Siku zile za utepe wa manjano, akiwa amefungiwa nyumbani kwa makosa yangu, ndizo alizokuwa akiandika.

 Nililia, naandika bila aibu. Miaka ishirini na nne kazini hakuna mtu aliyewahi kuniandikia kitu kwa herufi kubwa. Akello alinishika mkono njia nzima ya kurudi, na mara ya mwisho alipofanya hivyo mtoto wetu Maxine alikuwa hajazaliwa.

Asante Mungu. Asante Janeffer. Asante hata kwa Madam Elmina.

Jumatatu, 15 Desemba

Wiki mpya, mtu mpya. Nimefika ofisini kabla ya wote. Daftari la Janeffer nimelifunga kwa nailoni mara mbili, nimelitia ndani ya bahasha, na bahasha nimeifungia kabatini nyumbani. Zawadi kama hiyo si ya kushikwashikwa kila saa na mikono yenye mafuta ya mandazi. Ufunguo nimempa Akello akautunze.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mmoja mchuma majani, mikono imevimba na kuwasha. Daktari ameandika ngozi. Janeffer alikuwa kwenye mkutano, na sikutaka kumsumbua mkuu wangu siku yake ya kwanza. Nikachapisha ukurasa wa ngozi. Wino mpya haujaletwa. Namba tu, majina hakuna.

Mtu mwingine angerudia kosa. Mimi usiku wote nimefikiri na sasa nalijua kosa langu lilikuwa wapi. Nilichukua namba ya kwanza. Wimbo wa kwanza ni wa kufungulia ibada, kila mtu yuko macho, lazima watu washtuke. Wimbo wa mwisho je? Ni wa kuwaaga watu waende nyumbani kwa amani. Haujawahi kumdhuru mtu.

Nimechukua namba ya mwisho kabisa chini ya ukurasa. Kompyuta imeniuliza kwa maandishi mekundu kama nina hakika. Nimebonyeza ndiyo. Imeandika kwamba taarifa imepelekwa kaunti papo hapo.

Namshukuru Mungu kwa akili alizonipa. Nimemwomba Akello anipigie tai pasi, kesho nitaivaa.